Je, wajua kwa nini mbu hukudunga usisikie, na sindano ya kupima sukari inauma?

Ukikaa barazani hapa Amu (Lamu) baada ya magharibi, mbu huwa ameshiba na kwenda zake kabla hujasikia kitu. Mwasho huja baadaye, mwili unapopambana na mate aliyoyaacha. Lakini mtu wa kisukari akijidunga kidole apime sukari, anasikia papo hapo. Kwa nini?

Ncha ya kidole imejaa neva. Tena kisindano cha kupimia kina upana wa milimita 0.3 hivi, ilhali kinachoingia ngozini kutoka kwa mbu jike (dume hanywi damu) hakifiki milimita 0.1. Nacho si sindano moja: ni vijisindano sita ndani ya ala. Viwili kati yake vina meno na hupenya kwa kupokezana, huku vikitetemeka. Fundi wa milango ya Lamu anaijua kazi hii: msumeno haukandamizwi mbaoni, unakwenda na kurudi, meno yakila kidogo kidogo. Hivyo ngozi haisukumwi kwa nguvu na neva hazishtuki sana. Kijisindano kimoja humwaga mate yanayozuia damu kuganda. Kingine ndicho mrija wa kunyonyea.

Seiji Aoyagi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansai, Japani, waliiga umbo hilo wakaunda sindano ya silikoni yenye sehemu tatu, za pembeni zikiwa na meno. Kanada, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Calgary walibuni "mbu wa kielektroniki": kifaa kidogo cha kuvaliwa, kinachodunga chenyewe kwa saa zilizopangwa, kikachukua tone na kulipima. Sindano husukumwa na aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayokumbuka umbo lake na kulirudia inapopata joto.

Damu yenyewe inayohitajika ni chache mno. Mbu hunywa mikrolita 2 au 3 (mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita). Vipima sukari vingi vya leo vinatosheka na mikrolita 1 au chini yake. Vipo pia vihisi vya kubandika mkononi, ila hivyo hupima majimaji yaliyo kati ya seli, na huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Sukari ikishuka kwa kasi, dakika hizo ni nyingi.

Mimi naona maumivu haya si jambo dogo. Anayejidunga insulini hutakiwa apime mara kadhaa kwa siku, na kwetu wengi wanaishi kwa ncha za vidole: washona kofia, wasuka mikeka, wavuvi wa mshipi. Kidole kikiuma, kipimo kinaahirishwa.

Kwa sasa, dunga ubavu wa ncha ya kidole, si katikati, na ubadilishe vidole. Nawa kwanza, ukauke vizuri: hata maji ya embe yaliyobaki kidoleni hupandisha namba.