Rangi ya mwaka haiamuliwi kwenye maonyesho

Kuna ujumbe unaozunguka tena kwenye magrupu: eti maonyesho ya samani ya Milan, yaliyoanza 1961, huamua rangi za nyumba kwa dunia nzima, na ukuta wa rangi nyingine umepitwa na wakati. Si kweli. Watabiri wa mitindo na viwanda huchagua rangi mapema, mara nyingi miaka miwili kabla. Maonyesho huzikusanya pamoja, kisha wanunuzi na wapiga picha wakazieneza. Ushawishi huo ni mkubwa, lakini si amri. Picha za maonyesho ndizo tunazoziona kwanza, ndiyo maana tunadhani rangi zilizaliwa hapo. Linganisha matangazo ya kampuni zinazotengeneza rangi, yaliyotolewa kwa mwaka uleule: mara nyingi kila kampuni hutaja rangi yake ya mwaka. Ukiupata ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.