CPU si boksi lote

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha ya tangazo kwenye WhatsApp: "CPU YA GEMU, CORE i7, RAM 16, INAONGEZEKA. 750,000, maongezi yapo." Chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba, hii CPU nichukue?" Nikaikuza picha. Boksi jeusi la chuma, stika ya bluu, feni yenye taa za rangi iliyofungwa mbele kama urembo wa bodaboda. CPU yenyewe sikuiona, na nisingeiona, maana imo ndani kabisa, imelaliwa na feni yake.

CPU ni kipande bapa cha mraba, kwa mashine za aina hii upana wake haufiki sentimita nne. Kazi yake kusoma maagizo ya programu na kuyatekeleza, mabilioni kwa sekunde. Basi, hiyo ndiyo maana yake. Boksi ni boksi.

Lakini tusiwaonee wauzaji, kosa lina ukoo. Herufi hizo tatu ni za Kiingereza: central ni kuu, processing ni uchakataji, unit ni kitengo. Zamani za mashine kubwa za kuwekwa chumba kizima, kitengo hicho kilikuwa kabati kweli, unalifungua mlango na kukuta mabodi yamepangwa kama vitabu. Mtu aliyelionyesha kabati lile akasema "hii ndiyo CPU" hakukosea. Mambo yaligeuka mwaka 1971, kampuni ya Intel walipotoa CPU iliyoitwa 4004 na kuweka kitengo chote kwenye kipande kimoja cha silikoni. Na IBM walipoleta PC yao mwaka 1981, boksi hawakuliita CPU. Waliliita kitengo cha mfumo. Sisi huku tuliendelea na kabati. Mimi mwenyewe kozi ya kwanza ya kompyuta nilichorewa ubaoni: monita, kibodi, mausi, na boksi lenye mshale ulioandikwa CPU. Nilichora, nikapata alama zangu zote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kilishatupa neno linaloeleza vizuri kuliko herufi hizo. Kichakataji. Kuchakata, ukimuuliza mtu wa Tanga, ni habari ya mkonge: jani linaingia kwenye mashine, nyama inapondwa na kukwanguliwa, nyuzi zinatoka. Sasa mashine ya kuchakata haizidi majani inayolishwa. Ukiilisha kwa toroli moja wakati ingeweza kupokea mawili, itasubiri. Kompyuta ni hivyohivyo. RAM, yaani kumbukumbu anakochukulia kazi zake, za aina ya DDR3 za kasi ya 1600, ukiweka kipande kimoja tu, zinamlisha kichakataji gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Vipande viwili kwenye nafasi zinazostahili ni 25.6. Kwa hiyo "RAM 16" ya kipande kimoja na "RAM 16" ya vipande viwili vya nane ni vitu viwili, na tangazo haliwezi kukuambia kwa sababu limeshaita boksi zima kichakataji. Nani amlishe nani tena?

Madhara ya kuchanganya ni kwamba mnunuzi anapima boksi kwa stika ya i7, jina la ukoo wa vichakataji vya Intel, kana kwamba i7 ni cheo. Siyo. i7-2600 ni ya mwaka 2011, i3-12100 ni ya 2022. Zote zina viini vinne, yaani vichakataji vidogo ndani ya kimoja, na nyuzi nane za kazi zinazokwenda sambamba, na huyo "mdogo" wa i3 anamwacha kaka yake mbali sana. Tazama namba baada ya kistari: tarakimu za mwanzo ndizo kizazi. Tena kwenye gemu nyingi, kinachochora mnachokiona ni kadi ya picha, ambayo nayo ina ujanja wake. Kadi iitwayo GT 1030 ya mwaka 2017 ilikuja na kumbukumbu za aina ya GDDR5. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine ya jina hilohilo yenye DDR4, kasi ya kumbukumbu zake kama theluthi tu ya ile ya kwanza. Jina moja, kadi mbili.

Jumamosi tukaenda dukani, mimi na mpwa. Nikaomba boksi lifunguliwe ubavuni. Kijana wa duka, kwa upole wote, akaniuliza: "Mzee, unataka kuona CPU ndani ya CPU?" Nikamwambia hasa, umesema vizuri kuliko tangazo lako.

Ndani tukakuta mashine ya ofisi ya mwaka 2014 hivi, i7-4790, na kadi ndogo isiyo na waya wowote wa umeme. Mpwa alikuwa anatazama taa. Mimi nikamwonyesha pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi: lebo inasema wati 290. Kisha nikamwonyesha plagi inayotoka hapo kuingia kwenye ubao mama, ule ubao mkuu unaounganisha vyote, tukahesabu pamoja: pini 8. Mashine zinazofuata kipimo cha kawaida cha ATX, ambacho Intel walikitoa mwaka 1995, siku hizi zina pini 24. Baadhi ya kompyuta za ofisi, kama Dell OptiPlex 9020, zina hizo 8, na HP EliteDesk 800 G1 ina 6. Pawa saplai ya kawaida ya dukani haichomeki humo mpaka ununue waya wa kubadilishia.

Hapo ndipo neno "inaongezeka" linapotoa jasho. Kwa Kiswahili lina maana mbili. Mlango unafungika, yaani unaweza kufungwa. Bei inaongezeka, yaani inapanda yenyewe. Muuzaji anakusudia ya kwanza, mnunuzi mara nyingi huishia kwenye ya pili. Swali linalokosekana ni: kinaongezeka nini, hadi wapi? Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi za GTX 1050 Ti nyingi zinaishi kwa hizo tu, na GTX 1650 nyingi pia, kwa hiyo ongezeko hilo lipo. Kadi ya RTX 3060 inataka wati 170 na waya wake mwenyewe, na katika boksi lile waya huo haukuwepo. SSD, ile hifadhi ya kasi ya mafaili, ndiyo. RAM, ndiyo, nafasi mbili zilikuwa tupu.

Na kichakataji? Hiki ndicho kichekesho cha tangazo lote. Soketi ile, yaani kitako kinapochomekwa kichakataji, ya aina ya LGA1150, inaishia takriban hapohapo kwenye i7-4790. Kwamba "ni i7" ndiyo sababu haiongezeki. Tangazo lilikuwa linajisifu na kujikanusha kwenye mstari mmoja. Windows 11 nayo rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel, hiki chetu ni cha nne, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Linganisha na mbao mama za mwaka 2017 zenye soketi ya AM4 ya AMD, washindani wa Intel: nyingi kati ya hizo, baada ya kusasisha BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, zimepokea kichakataji cha Ryzen 7 5800X3D cha mwaka 2022. Huko nitakubali mtu aseme inaongezeka bila kuulizwa maswali.

Hatukuichukua kwa 750,000. Tuliichukua kwa 520,000 bila ile kadi, na mpwa sasa anatafuta GTX 1650 isiyohitaji waya wake wa umeme.

Tukiwa mlangoni nikamwambia kijana wa duka, kwa sauti ya chini wasisikie wateja wengine: mdogo wangu, boksi liite mashine, au kompyuta, hata "boksi" halina ubaya. CPU iache imaanishe kile kilicho chini ya feni, ili mtu akiuliza "CPU yake ipi?" uwe na la kumjibu. Akatikisa kichwa, akasema amenielewa kabisa. Jioni mpwa akanitumia tangazo jipya la duka lilelile: "MASHINE YA GEMU, CPU NZIMA i5."

Tunakwenda, taratibu.