Kriketi ya Jersey: dhana potofu na ukweli wake

Mwaka 2003 Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Mwaka 2024 ilipoandaa jijini Nairobi duru ya kwanza ya Challenge League A, moja ya ligi za kutafuta njia ya Kombe la Dunia, miongoni mwa wageni wake walikuwamo Jersey, kisiwa ambacho wafugaji wa kwetu wanakijua kwa ng'ombe wake wa maziwa kuliko wapenzi wa michezo wanavyokijua kwa jambo lolote lile. Uganda nayo imekutana na kisiwa hicho mara kadhaa. Kila mara maneno ya vijiweni huwa yale yale: tumeshuka mpaka tunashindana na kisiwa.

Kushuka ni kweli, na Wakenya wanajua sababu zake. Lakini picha ya Jersey inayochorwa katika maneno hayo ina makosa mengi.

"Jersey ni Uingereza tu, timu ya nini?"

Jersey iko kwenye bahari inayotenganisha Uingereza na Ufaransa, tena iko karibu zaidi na Ufaransa: kutoka pwani ya Normandy ni kilomita 22 hivi. Mfalme wake ni wa Uingereza, na ulinzi wake uko mikononi mwa Uingereza, lakini si sehemu ya Ufalme wa Muungano. Kina bunge lake, mahakama zake na kodi zake. Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, lilikipokea mwaka 2005 na kukipandisha kuwa mwanachama mshiriki mwaka 2007.

Kinachowachanganya watu ni soka. Jersey iliomba kujiunga na UEFA, na mwaka 2018 mkutano mkuu wa shirikisho hilo ukaikataa. Wazanzibari hawahitaji kuelezwa hali hiyo: CAF iliwapokea Machi 2017, ikawatoa Julai mwaka huo huo. Kila mchezo una mlango wake na bawabu wake. Kriketi haijawahi kufuata ramani ya Umoja wa Mataifa. West Indies ni timu ya nchi nyingi zilizoungana, na Ireland inacheza kisiwa kizima. Hata sisi mwaka 1975 tulikwenda Kombe la Dunia la kwanza kwa jina la Afrika Mashariki, tukiwa Wakenya, Waganda, Watanzania na Wazambia katika kikosi kimoja.

"Ni wageni waliokuja kufanya kazi benki"

Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, na ina chembe ya ukweli. Sekta ya fedha ndiyo mgongo wa uchumi wa kisiwa, na wafanyakazi wake wanatoka kila kona. Kikosi kimewahi kuwa na wachezaji waliozaliwa Afrika Kusini na Uingereza. Sheria ya ICC inaruhusu hilo: unaweza kuichezea nchi kwa kuzaliwa humo, kwa uraia, au kwa kuishi humo miaka 3 mfululizo. Timu nyingi za ngazi hii, kuanzia Ghuba hadi Marekani ya Kaskazini, zimejengwa kwa kifungu hicho cha tatu.

Sasa jaribu kukitumia kifungu hicho Jersey. Kisiwa kina sheria kali ya makazi na ajira. Mtu aliyehamia huko bila ujuzi unaohitajika sana hawezi kununua nyumba wala kupanga nyumba za kawaida mpaka atimize miaka 10 ya kuishi humo. Kabla ya miaka 5, mwajiri anahitaji kibali cha kumwajiri. Nyumba zenyewe ni ghali mno. Chama cha kriketi kinachotaka kumleta mrushaji kutoka Durban akae miaka 3 kitamlaza wapi? Njia ya mkato ambayo wengine wameitumia, hapa imezibwa na sheria za nyumba.

Ndiyo maana kikosi cha miaka ya karibuni kinashangaza wanaokichunguza. Charles Perchard, ambaye kila mtu anamwita Chuggy, amekuwa nahodha. Perchard ni jina la ukoo wa kisiwani hasa. Ben Stevens, Harrison Carlyon, Jonty Jenner na ndugu wawili Asa na Zak Tribe ni vijana waliopita kwenye mfumo wa kriketi ya vijana ya kisiwa hicho hicho. Kati ya timu za ngazi yake, Jersey ni miongoni mwa zile ambazo dai la "timu ya wageni" linazifaa kidogo kuliko nyingine.

"Watu laki moja hawawezi kutoa timu"

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 103,267. Eneo ni kilomita za mraba 120 hivi, hata sehemu ya kumi ya Unguja halifiki. Mtu akisikia hivyo anahitimisha kwamba vipaji ni vichache, basi.

Lakini Bermuda, yenye watu takriban 64,000, ilicheza Kombe la Dunia la mwaka 2007. Wengi wanalikumbuka kwa Dwayne Leverock, mtu wa kilo nyingi, aliyejirusha kwa mkono mmoja akamdaka Robin Uthappa wa India, kisha akakimbia uwanja mzima kwa furaha. India ilimaliza na mikimbio, yaani alama, 413 na kushinda kwa tofauti ya 257. Kwa upande mwingine, Isle of Man, kisiwa kinacholingana na Jersey kwa mengi, kilitolewa chote kwa mikimbio 10 dhidi ya Hispania Februari 2023, na Hispania ikamaliza kazi kwa mipira 2. Visiwa vitatu, watu wanaokaribiana, matokeo ya mbingu na ardhi. Idadi ya watu peke yake haielezi lolote hapo.

Udogo una faida zake ambazo nchi kubwa hazina. Kisiwani hakuna mtoto anayekaa zaidi ya mwendo mfupi wa gari kutoka uwanjani. Kocha wa taifa anaweza kuwafahamu kwa majina watoto wote wenye uwezo wa umri fulani, na mtoto wa miaka 15 anakutana kwenye ligi ya wikendi na watu wanaovaa jezi ya taifa. Kule kwetu kijana mwenye kipaji Singida anaweza kuzeeka bila kocha wa Dar es Salaam kumsikia.

Shida ya Jersey inaanza mtoto huyo anapofika miaka 18. Anayetaka masomo kamili ya chuo kikuu kwa kawaida huvuka bahari kwenda Uingereza. Anaondoka katika umri ule ule ambao mpigaji anaanza kukomaa. Wengine hurudi na shahada na kazi ya ofisini, wanacheza kwa kutumia siku zao za likizo. Wengine hawarudi. Kocha wa timu kama hii hupoteza muda mwingi akiuliza nani ataruhusiwa na bosi wake kusafiri wiki mbili, kabla hata hajafikiria nani aanze kupiga.

"Kisiwa cha matajiri, kwa hiyo hela zipo"

Hela zipo benki. Michezoni ni hadithi nyingine, na mfano mzuri kuliko wote hautoki kwenye kriketi. Jersey Reds, klabu ya raga ya kisiwa hicho, ilitwaa ubingwa wa daraja la pili la Uingereza mwaka 2023. Septemba ya mwaka huo huo ikafunga milango kwa kukosa fedha. Bingwa, kaburini ndani ya miezi michache.

Hata ardhi ni ya kugombania. Kisiwa kinalima viazi vyake maarufu, Jersey Royal, na kinalisha ng'ombe, na kinahitaji nyumba. Uwanja wa kriketi unakula eneo kubwa na unatumika zaidi kuanzia Aprili hadi Septemba. Ukimwambia mwenye shamba akuachie ekari kadhaa kwa ajili ya mchezo wa miezi sita, jibu lake unalijua.

"Mechi za timu ndogo ni bonanza tu"

Tangu Januari 2019, mechi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita) kati ya wanachama wowote wa ICC wanaume, ikitimiza masharti, ni mechi rasmi ya kimataifa na takwimu zake zinaingia kwenye vitabu. Jersey na jirani yake Guernsey, mahasimu wa tangu zama za mababu, walicheza mfululizo wao wa kwanza rasmi mwishoni mwa Mei mwaka huo. Mechi ya kwanza iliisha kwa sare, Jersey ikashinda kwenye ova ya ziada. Bonanza lenye presha ya namna hiyo nalitaka hata huku kwetu.

"Kama ni wazuri, mbona Kombe la Dunia hatuwaoni?"

Hapa ndipo penye mambo.

Mei 2008 Jersey iliandaa Daraja la Tano la Ligi ya Dunia ya kriketi, timu 12. Nepal ilikuwamo, Marekani ilikuwamo, na Afghanistan iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza safari yake. Fainali ilichezwa uwanja wa Grainville, Jersey dhidi ya Afghanistan. Wenyeji walitolewa wote kwa mikimbio 80, na kila mtu akadhani mchezo umekwisha. Afghanistan walipoanza kupiga, wiketi zikadondoka moja baada ya nyingine, yaani wapigaji wakatolewa, hadi zikafika 8 kati ya 10. Wakapenya na 81. Tofauti ya timu hizo mbili siku ile ilikuwa ndogo mno, na wote wawili wakapanda daraja.

Miezi michache baadaye, Oktoba 2008, Daraja la Nne likachezwa Dar es Salaam, Tanzania ikiwa mwenyeji. Afghanistan ikatwaa ubingwa ikaendelea kupanda. Jersey ikashuka. Mwaka 2010 Afghanistan ilikuwa Kombe la Dunia la ova 20, mwaka 2017 ikapewa hadhi ya kucheza Test, mechi za siku tano za ngazi ya juu kabisa, mwaka 2024 ikafika nusu fainali ya Kombe hilo la ova 20. Marekani na Nepal nazo zilicheza Kombe hilo la 2024, na Marekani ikamfunga Pakistan. Wote hao walipita Jersey wakiwa wadogo.

Nakiri kwamba katika kilele cha ngazi, watu na fedha vina neno lao. Afghanistan na Nepal zina mamilioni wanaoupenda mchezo huu kama dini, Marekani ina soko. Kisiwa cha watu laki moja hakiwezi kuziba pengo hilo kwa bidii peke yake. Ila kilichoizuia Jersey mara nyingi si ukuta mrefu bali kizingiti kidogo, tena mlangoni kabisa.

Mwaka 2022 iliongoza Challenge League B, kundi lililokuwa na Kenya, Uganda, Hong Kong, Italia na Bermuda, na duru zake zilichezwa Oman, Kampala na Jersey kwenyewe. Ikaenda Namibia mwaka 2023 kwenye mchujo wa timu 6. Nne kati ya sita zingepata hadhi ya kucheza mechi rasmi za ova 50, hadhi inayokuja na ratiba ya kueleweka, na ratiba ndiyo inayokuja na wadhamini. Jersey haikuwamo kwenye hizo nne. Ikarudi Challenge League, ikapangwa na Kenya tena.

Kisha ikaja Julai 2025, Uholanzi, mchujo wa Ulaya wa Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2026. Timu 5, nafasi 2. Mechi ya Jersey na Italia ilivunjwa na mvua, wakagawana pointi. Siku ya mwisho Jersey ilikutana na Scotland, timu ambayo imezoea kwenda fainali hizo. Jersey walikuwa wanafukuza mikimbio 134, wamebakiwa na wiketi 1, na wakashinda kwenye mpira wa mwisho kabisa wa mechi. Scotland ikatoka nje ya mashindano.

Wachezaji wa Jersey wakalazimika kusubiri matokeo ya mechi ya Italia na Uholanzi iliyochezwa baadaye siku hiyo. Italia ikafungwa kwa wiketi 9. Ungedhani hapo kisiwa kimevuka. Lakini Italia na Jersey zilimaliza na pointi 5 kila mmoja, na kanuni ikaangalia wastani wa kasi ya mikimbio, yaani unavyofunga kwa kila ova ukitoa unavyofungwa. Wa Italia ulikuwa bora. Uholanzi na Italia zikaenda Kombe la Dunia.

Nionavyo mimi, mvua iliiumiza Jersey kuliko udogo wake. Timu kubwa ikiponyokwa namna hiyo ina mechi nyingine 20 za kujifuta machozi mwaka huo. Jersey inarudi kusubiri kwa sababu wapinzani wa maana wanapatikana kwa mafungu, na kila safari ni ndege au meli. Ukiwa na nafasi chache hivyo, alasiri moja ya mvua inabeba uzito wa miaka miwili.

"Mchezaji bora akiondoka, mpango umefeli"

Asa Tribe alizaliwa Jersey mwaka 2004. Leo anachezea Glamorgan, timu ya kaunti ya huko Wales, na mwishoni mwa 2025 aliitwa kwenye kikosi cha England Lions, timu iliyo hatua moja chini ya timu kubwa ya England. Hakuna pasi ya kusafiria inayomtenganisha na England, kwa kuwa raia wa Jersey ni raia wa Uingereza.

Wapo wanaoona huo ni wizi. Mimi naona kinyume. Kriketi ya kisiwa haina mishahara ya kumlisha mtu wa kiwango chake, na kumzuia kungemgeuza karani anayecheza Jumamosi. Akipanda, kila mtoto anayejifunza kupiga pale Grainville ana mtu wa kumtaja kwa jina, aliyepita uwanja ule ule. Akiamua siku moja kuvaa jezi ya England, Jersey itampoteza kweli, na nafasi yake juu ya orodha ya wapigaji haitajazwa msimu mmoja. Makocha wa timu za vijana wa chini ya miaka 19 wanalijua hilo, na wanaendelea kumwandaa kijana anayefuata.