Chumvi peke yake hailindi soseji kavu

Hapa Lubumbashi, ukitaja soseji kavu ya nguruwe, ile inayoliwa bila kupikwa, utaambiwa: "Chumvi imekwisha kuua vijidudu vyote." Si kweli. Kilo moja ya nyama hutiwa gramu 25 hadi 30 hivi. Ingezidi sana, nani angeila? Kiasi hicho huwabana bakteria wengi, lakini Listeria, bakteria anayeleta ugonjwa kupitia chakula, huvumilia.

Kazi kubwa hufanywa na bakteria wenyewe. Wale wa asidi ya laktiki, ndugu za wanaogandisha maziwa, hula sukari kidogo iliyochanganywa na nyama, wakatoa asidi. pH, yaani kipimo cha asidi (kikishuka, asidi imezidi), ikashuka hadi 5.3 au chini yake, ndipo soseji hukaushwa kwa wiki kadhaa katika ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15. Anayeianika barazani mwezi wa Oktoba, na joto letu tunalijua, anafuga bakteria wabaya.

Kuna pia nitriti, aina ya chumvi ya kuhifadhia nyama. Humzuia bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu ya chakula unaopooza mwili), anayestawi pasipo hewa, kama katikati ya soseji. Jina botulizimu lenyewe limetoka kwa botulus, soseji kwa Kilatini! Ila nitriti ikizidi nayo ni sumu: hupimwa kwa mizani, haikisiwi kwa kijiko.