Hariri ya Kwanza Ikitenguliwa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wikipedia haina siku mbili hizo. Mtu anabonyeza "Hariri" na jembe liko mkononi, mara nyingi hata akaunti hajafungua. Ila shambani wamejaa wakulima wa siku nyingi, na baadhi yetu tumekodolea macho ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni, unaoorodhesha kila hariri mpya, kama walinzi wa zamu.

Nami nilikuwa mlinzi wa namna hiyo. Siku moja nikamwona mtumiaji mpya ameongeza aya kwenye makala ya ndege fulani, bila chanzo. Nikatengua, yaani nikaiondoa hariri yake, na kwenye muhtasari wa sababu nikaandika maneno mawili tu: "hakuna chanzo". Zilikuwa zimepita dakika tatu. Kesho yake nikakuta mstari mmoja kwenye ukurasa wangu wa majadiliano: "Nilikuwa natafuta namba ya ukurasa wa kitabu." Nikafungua historia ya makala. Aya ile alikuwa ameihifadhi mara sita, sentensi kwa sentensi, kama mtu anayeogopa kupoteza kazi yake. Nikamwomba radhi, nikairudisha. Orodha ya michango yake inaishia palepale.

Si kisa changu peke yangu. Mwaka 2013 Aaron Halfaker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wikipedia ya Kiingereza, ambayo wahariri wake hai walianza kupungua baada ya 2007. Waligundua kuwa wageni wenye nia njema walikuwa wakikataliwa hariri zao zaidi kuliko zamani, na zana za kutengua haraka zilikuwa na mkono wao katika hilo. Zana hizo zilitengenezwa kupambana na waharibifu, na kazi hiyo zinaifanya vizuri. Tatizo ni kwamba mharibifu na mwanagenzi kwa mbali wanafanana.

Kwa hiyo sasa kabla ya kugusa kitu nafungua kwanza michango yote ya mtu. Kama chanzo kinakosekana na habari haina madhara, nasubiri, au nakitafuta mwenyewe. Sisubiri kwa mambo mawili: maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwingine, na tuhuma zisizo na chanzo juu ya mtu aliye hai. Hayo naondoa papo hapo, kisha namweleza mhusika kwa sentensi kamili.

Kigezo cha "Karibu", ule ujumbe wa makaribisho ulioandaliwa tayari wenye viungo lukuki, sikiamini sana. Mtu hupokewa kwa kuona kazi yake imesomwa. Namwandikia: "Nimeona ulivyosahihisha mwaka kwenye makala ile, asante. Ukitaka, makala jirani ina kosa lilelile." Inatosha. Amepata shukrani na kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ni ndogo. Anayeanza kwa kuandika makala mpya kabisa anajitafutia maumivu, maana hapo sheria zote zinamwangukia kwa pamoja.

Sheria inayoumiza kuliko zote ni ya umaarufu. Sisi tukisema "mada haina umaarufu" tunazungumzia vyanzo. Mgeni anasikia kwamba shangazi yake, aliyefundisha watoto miaka 30, si lolote. Neno lenyewe ni baya, nimeshalilalamikia mara kadhaa. Siku hizi silitumii na wageni. Nauliza tu: kuna kitabu au gazeti lililoandika habari zake kwa kirefu, bila yeye wala jamaa zake kuomba au kulipa? Jibu likiwa hapana, mwenyewe anaelewa, na mara nyingine anauliza ni makala gani nyingine anaweza kusaidia.

Juzi mmoja wao aliniuliza kwa nini tanbihi yake imegeuka maandishi mekundu. Alisahau kufunga alama ya ref, ile inayozungushiwa chanzo. Vidole vilikuwa vinaniwasha nirekebishe. Nikamtajia mstari wenyewe nikaacha, na baada ya robo saa nikaona kwenye historia: "nimefunga".