Hempu ni bangi au si bangi?

Bi mmoja wa Kibokoni, Mombasa, alifungua mkoba akanitolea kijichupa cha kahawia chenye kidude cha kunyonyea matone. Ubavuni kina neno hempu na picha ya jani la vidole saba. Bintiye amemletea kutoka Marekani, adondoshe chini ya ulimi kwa ajili ya magoti. "Mwanangu," akaniuliza, "hili si jani la bangi?" Maswali yake, na ya waliokuwa wamekaa naye barazani, ndiyo haya.

Kwani mti ni mmoja?

Ni mmoja. Fikiria muhogo mtamu na muhogo mchungu: majani ni yale yale, ila mmoja una sumu nyingi kuliko mwenzake. Kwa bangi, kinachotofautiana ni THC, kile kinacholevya, ambacho Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni walikitenga mwaka 1964. Sheria ya Marekani ya 2018 inasema mmea wenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzani wake mkavu ni hempu. Ukizidi hapo ni bangi. Bangi ya kuvuta mara nyingi hupita asilimia 10.

Mkulima wa hempu ya nyuzi huipanda kwa kubanana ili irefuke, na wa bangi huiachia nafasi itanuke na kutoa maua ya kike, ambako THC hukaa kwa wingi. Lakini ukishaletewa majani makavu kwenye karatasi, jicho halikusaidii. Ni maabara tu.

Mbona wengine huiita katani?

Jina hilo limezungushwa mno. Kwa Kiarabu ni kitani, mmea mwingine kabisa, na wengi wetu tukisema katani twamaanisha nyuzi za mkonge, kama ule wa Vipingo. Mkonge na bangi hawana hata ujamaa wa mbali.

Asilimia 0.3 si kitu, ama?

Hapa ndipo watu huteleza. Asilimia 0.3 ni miligramu 3 katika kila gramu. Mafuta ya kijichupa kama cha Bi yakiwa na kiwango hicho, gramu 30 zaweza kubeba miligramu 90 za THC. Watafiti wa Marekani huhesabu miligramu 5 kuwa kipimo kimoja. Kwa hiyo mililita mbili kwa siku zaweza kukupitisha hapo, na chupa bado imeandikwa hempu. Biskuti zilizotiwa THC ndizo hatari zaidi: athari huchelewa nusu saa hadi saa mbili, mtu akaona hazifanyi kazi, akaongeza.

Mwanangu ni baharia. Akitumia, atapita kipimo cha mkojo?

Asijaribu. Kipimo hutafuta mabaki ya THC, hakiulizi yametoka kwa mmea gani. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mtumiaji wa kila siku yaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha.

Na sheria yetu?

Sheria ya Kenya ya 1994 kuhusu dawa za kulevya inautaja mmea wenyewe kwa jumla. Ule mstari wa 0.3 ni wa Marekani. Hauvuki nawe uwanja wa ndege wa Moi.

Basi magoti yangu je?

Kinachouzwa kwenye chupa hizi hasa ni CBD, kemikali nyingine ya mmea huo huo, ambayo hailevyi. Ushahidi wake mzito ni kwa aina chache kali za kifafa cha watoto. Marekani iliidhinisha dawa yake, Epidiolex, mwaka 2018. Kwa magoti ushahidi ni hafifu. Mafuta ya mbegu za hempu nayo ni kitu kingine: ni chakula, CBD haimo ya maana.

CBD pia huzuia ini lisivunje baadhi ya dawa, zikarundikana mwilini. Nikamwuliza Bi anatumia nini. Akatoa kwenye mkoba ule ule vidonge vya presha, kisha pakiti ya warfarin, ya kuzuia damu isigande. Warfarin ikipanda, mtu huvuja damu. Kijichupa akakifunga, akakirudisha mkobani, akaniuliza kama nina namba ya bintiye.