Zanzibar Heroes: timu ya taifa isiyo na kiti FIFA

Katika miaka yote ambayo nimekuwa nikifuatilia na kuandika habari za soka ya Afrika Mashariki, hakuna timu ninayoulizwa habari zake mara nyingi kama Zanzibar Heroes. Muulizaji huwa anataka jibu fupi: ni timu ya taifa au si timu ya taifa? Jibu hilo halipatikani kwa neno moja, kwa sababu timu hii ni ya taifa mbele ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, na mbele ya FIFA haipo kabisa.

Tuanze na umri wake. Michuano ya Kombe la Gossage, ambayo ndiyo mzizi wa Kombe la Chalenji, mashindano ya CECAFA ya timu za taifa, ilianza mwaka 1926 ikizikutanisha Kenya na Uganda peke yake. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Kwa hiyo tarehe 26 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, timu ya Visiwani ilikuwa tayari na miaka 15 ya kukutana na majirani zake uwanjani ikiwa na jina lake yenyewe. Muungano haukuiondoa katika michuano hiyo. Ndiyo maana hadi leo, Chalenji inapochezwa, Bara hupeleka Kilimanjaro Stars na Zanzibar hupeleka Heroes, na Taifa Stars, ambayo ni timu ya Muungano, haimo.

Katiba nayo ina sehemu yake katika jambo hili, na nadhani watu wengi huipita haraka mno. Michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inaisimamia yenyewe, na soka ina shirikisho lake, ZFF, lenye ligi yake. Mambo ya nje, kwa upande mwingine, ni ya Muungano. Mpira wa miguu umekaa katikati: ukichezwa Unguja na Pemba ni wa Zanzibar, lakini ukivuka mipaka kwenda kwenye mashindano ya dunia unakutana na FIFA, ambayo inaitambua TFF, shirikisho la soka la Tanzania, pekee kwa niaba ya Tanzania nzima. CAF, shirikisho la soka la Afrika, imeshika njia ya kati, kwani kwa miaka mingi klabu za Zanzibar zimeshiriki mashindano yake ya klabu kama wawakilishi wa Zanzibar, huku timu ya taifa ikibaki nje.

Mwaka 2017 njia hiyo ya kati ilikaribia kuachwa. Mwezi Machi, katika mkutano mkuu uliofanyika Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake kamili wa 55. Nakumbuka furaha ya siku hizo, watu wakipongezana kana kwamba kombe limeshatua Unguja. Mwezi Julai uanachama ule ukafutwa. Rais wa CAF wa wakati huo, Ahmad Ahmad, alieleza kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili, na kwamba maana ya nchi inatokana na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Kwa hoja ya kisheria namwelewa. Kwa wachezaji waliokuwa wameanza kuziota mechi za kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, miezi ile minne ilikuwa ukatili.

Desemba ya mwaka huohuo ikaja Chalenji nchini Kenya. Kikosi cha Hemed Suleiman, anayejulikana zaidi kwa jina la Morocco, kiliifunga Rwanda 3-1, kikaifunga Kilimanjaro Stars 2-1, na katika nusu fainali kikaitoa Uganda kwa mabao 2-1. Fainali ilichezwa Machakos dhidi ya wenyeji. Kenya ilitangulia mara mbili, na mara zote mbili Khamis Mussa Makame akasawazisha, bao la kwanza zikiwa zimesalia dakika chache mpira kwisha, na la pili katika muda wa nyongeza. Ilipofika mikwaju ya penalti, kipa Patrick Matasi aliokoa mitatu, na Kenya ikashinda 3-2. Ubingwa pekee wa Chalenji wa Zanzibar umebaki ule wa mwaka 1995, uliopatikana Uganda, lakini kwa maoni yangu kikosi cha Machakos ndicho kilichoonyesha vizuri zaidi Heroes ni nini.

Si kwamba Mzanzibari anayeipenda Heroes anaikana Taifa Stars. Nadir Haroub "Cannavaro" alivaa kitambaa cha unahodha katika timu zote mbili. Feisal Salum na Mudathir Yahya wamezivaa jezi zote mbili. Morocco mwenyewe, yule wa Machakos, baadaye alikabidhiwa Taifa Stars na kuifikisha AFCON ya 2025. Mchezaji hubadili jezi kulingana na mashindano, na shabiki humfuata katika zote.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi, ambalo kwa kawaida ni la klabu, lilichezwa na timu za taifa katika Uwanja wa Gombani, Chake Chake. Zanzibar Heroes iliifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali. Kwangu mimi mahali palikuwa na uzito kuliko hata matokeo: mechi kubwa za Zanzibar zimezoeleka kuchezwa Amaan, Unguja, na safari hii kombe lilinyanyuliwa Pemba, mbele ya mashabiki ambao kwa kawaida huwafuata Heroes kwa redio.